Mada ya 8: Insha ya Hoja – Je, Mzazi Asiyempeleka Mtoto Kupata Chanjo Aadhibiwe?

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa uweze:
(a) kubaini kitu hasa kinachoulizwa katika swali la insha ya hoja;
(b) kutoa hoja za kuunga mkono na za kupinga, kila moja ikiwa na ushahidi wake;
(c) kuchagua msimamo na kuutetea hadi hitimisho;
(d) kuandika insha ya hoja yenye utangulizi, kiini na hitimisho.

8.1 Swali

Andika insha ya hoja yenye maneno yasiyozidi 350 kuhusu mada ifuatayo: "Mzazi au mlezi asiyempeleka mtoto kupata chanjo aadhibiwe kisheria."

8.2 Soma swali kabla ya kushika kalamu

Watahiniwa wengi wakiliona neno "chanjo" hukimbilia kuorodhesha faida za chanjo: chanjo huzuia surua, chanjo huzuia polio, chanjo hupunguza vifo. Yote hayo ni kweli, lakini swali halikuuliza hayo. Neno linalobeba swali hili ni "aadhibiwe". Ukilipita neno hilo utaandika insha nzuri juu ya mada nyingine, na msahihishaji hatakuwa na namna ya kukupa alama za hoja.

Ndani ya swali hili kuna maswali matatu. Yatenganishe kwenye karatasi yako ya rasimu.

Swali la kwanza: Je, chanjo humkinga mtoto? Hili ni swali la sayansi. Hujibiwa kwa ushahidi, si kwa kura wala kwa kupaza sauti.

Swali la pili: Je, mzazi ana wajibu wa kuhakikisha mtoto wake anachanjwa? Hili ni swali la haki na wajibu.

Swali la tatu: Je, adhabu ndiyo njia inayofaa ya kuhakikisha wajibu huo unatimizwa? Hili ni swali la sheria na utekelezaji.

Mtu anaweza kujibu "ndiyo" kwa swali la kwanza na la pili, kisha akajibu "hapana" kwa swali la tatu, bila kujipinga. Anayepinga adhabu si lazima awe anapinga chanjo. Katika midahalo mingi pande mbili hurushiana maneno kwa sababu mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzake anajibu la tatu. Ukionyesha tofauti hiyo tangu aya ya kwanza, insha yako itakuwa imeanza vizuri.

8.3 Mambo unayopaswa kuyajua

Hoja bila taarifa ni maoni tu. Zifuatazo ni taarifa chache za kukumbuka.

(i) Ratiba ya chanjo. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza Tanzania mwaka 1975. Chanjo za watoto hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa. Anapofikisha wiki 6, 10 na 14 hupata chanjo za polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, nimonia na kuhara, kwa dozi zilizopangwa. Anapofikisha miezi 9 hupata dozi ya kwanza ya surua na rubela, na miezi 18 hupata dozi ya pili. Hesabu mwenyewe: kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, miezi 18. Ni mara sita mtoto kufikishwa mbele ya mhudumu wa afya. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

(ii) Sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inampa mzazi wajibu wa kumtunza mtoto. Katika kifungu cha 8, wajibu huo unatajwa pamoja na haki za mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu ikiwa ni pamoja na chanjo, elimu na malezi, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Sheria hiyohiyo imeweka adhabu ya faini au kifungo, au vyote viwili, kwa anayekiuka haki za mtoto. Kwa hiyo mtahiniwa anayeandika kwamba "Tanzania haina sheria yoyote kuhusu chanjo" anakosea. Mjadala halisi ni namna ya kuutekeleza wajibu ambao tayari umetajwa.

(iii) Surua. Huu ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza upesi kuliko yote. Mgonjwa mmoja akiwa katikati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Ndiyo maana wataalamu hutaka watoto 95 katika kila 100 wapate dozi zote mbili. Dozi ya kwanza inayotolewa katika miezi 9 huwakinga watoto wapatao 85 katika kila 100, na dozi ya pili huongeza idadi hiyo.

(iv) Kinga ya jamii. Watu wengi wakiwa na kinga, ugonjwa hukosa pa kupita, na hata wale wasio na kinga husalimika. Lakini zingatia tofauti hii: surua, polio na kifaduro huambukizwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, pepopunda haiambukizwi hivyo. Vijidudu vyake huingia kupitia kidonda au kitovu cha mtoto mchanga. Kwa hiyo hoja ya "kumlinda jirani" inafaa kwa surua, lakini haifai kwa pepopunda. Kwa pepopunda tumia hoja ya haki ya mtoto mwenyewe.

8.4 Mfano wa karibu: delta ya Rufiji

Insha ya hoja hupata nguvu inapokuwa na mahali. Tuchukue Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Ukisafiri kwa barabara kuu ya kusini kutoka Dar es Salaam utapita Bungu na Kibiti kabla ya kuvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Upande wa mashariki, mto huo hugawanyika matawi mengi na kuingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Hapo ndipo penye delta, na msitu mkubwa wa mikoko. Kata kama Salale, Maparoni, Msala, Mbuchi na Kiongoroni ziko katika eneo hilo.

Mama wa mji mdogo wa Kibiti na mama wa kisiwani katika delta wanaishi wilaya moja na wanafuata sheria moja. Safari zao sita hazifanani.

Kwanza, usafiri. Katika delta watu husafiri kwa mtumbwi, mashua au boti, na safari hupangwa kwa kujaa na kupwa kwa maji. Maji yakipwa, baadhi ya mikondo haipitiki. Mama akichelewa kutoka kliniki, huenda akalazimika kusubiri maji yajae ndipo arudi nyumbani.

Pili, kazi. Wakazi wengi ni wakulima wa mpunga na wavuvi. Msimu wa kilimo familia huhamia mashambani na kukaa katika madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kuulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Wavuvi huhamia dago kwa wiki kadhaa. Mtoto anayetimiza miezi 9 wakati wa msimu huo hatakuwepo kijijini siku ya kliniki.

Tatu, chanjo yenyewe. Chanjo nyingi hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Ili zifike kisiwani zikiwa salama lazima ziwe na jokofu au kasha lenye barafu njia nzima. Isitoshe, chanjo ya surua huja ikiwa unga na huchanganywa na maji yake maalumu. Chupa ikishachanganywa, lazima itumike ndani ya saa sita, inayobaki inamwagwa. Chupa moja huweza kuwa na dozi kumi. Muuguzi akiletewa mtoto mmoja tu, anaweza kusita kuifungua chupa kwa kuogopa kupoteza dozi tisa. Mama huambiwa arudi siku ya watoto wengi. Kwa mama wa mjini, kurudi ni kutembea dakika chache. Kwa mama wa delta, ni mtumbwi mwingine na siku nyingine ya kazi.

Nne, mafuriko. Aprili 2024 mafuriko makubwa yalizikumba Rufiji na Kibiti, yakaharibu mashamba na kuzihamisha familia nyingi. Familia iliyopoteza nyumba huweza kupoteza na kadi ya kliniki.

Sasa jiulize: mtoto wa familia hiyo akifika miezi 18 hajapata dozi ya pili, je, mzazi wake "amekataa"? Neno "asiyempeleka" katika swali letu linawachanganya watu wawili tofauti: aliyekataa na aliyeshindwa. Mtahiniwa anayewatenganisha watu hao ataandika insha bora kuliko yule anayemhukumu kila mzazi kwa kadi isiyojazwa.

8.5 Hoja za kuunga mkono adhabu

(a) Mtoto hawezi kujitetea. Mtu mzima akikataa chanjo anaamua juu ya mwili wake. Mzazi akikataa anaamua juu ya mwili wa mtu mwingine. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini Julai 28, 2021, serikali ilisema ni ya hiari. Usiutumie mfano huo kwa chanjo za watoto bila kueleza tofauti hii.

(b) Madhara huwapata na wengine. Utasikia watu wakisema, "Kama chanjo inafanya kazi, mtoto wangu asiyechanjwa anamdhuru nani aliyechanjwa?" Jibu limo katika namba ulizosoma. Watoto wa chini ya miezi 9 hawajafikia umri wa dozi ya surua. Katika kila watoto 100 waliopata dozi moja, wapo kama 15 ambao hawakupata kinga. Hao wote hutegemea ukuta wa watoto wengine.

(c) Sheria bila adhabu hudharauliwa. Wajibu ukitajwa kwenye kitabu cha sheria na usitekelezwe, wananchi hujifunza kwamba haukuwa wajibu.

(d) Wapo waliokwisha kuchagua njia hiyo. Uganda ilitunga Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017. Inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto kuchanjwa, inataka kadi ya chanjo wakati wa kumwandikisha shule, na inatoa adhabu kwa anayekiuka.

8.6 Hoja za kupinga adhabu

(a) Adhabu humwangukia aliyeshindwa kabla ya aliyekataa. Mzazi mwenye uwezo anayepinga chanjo anaweza kulipa faini na kuendelea na shughuli zake. Mama wa madunguni hana fedha ya faini, na akifungwa, mtoto huyohuyo tunayemtetea atabaki bila mlezi.

(b) Adhabu inaweza kumficha mtoto. Mzazi anayeogopa kukamatwa kwa sababu ya dozi iliyopita anaweza kuacha kwenda kliniki kabisa, hata mtoto akiugua. Hapo sheria itakuwa imemkosesha mtoto chanjo na matibabu pia.

(c) Kumzuia mtoto asianze shule ni kumwadhibu yeye kwa kosa la mzazi. Elimu nayo imo katika orodha ileile ya haki za mtoto.

(d) Chanjo, kama dawa nyingine, ina madhara. Mengi ni madogo: homa, uvimbe, maumivu mahali pa sindano. Makubwa hutokea kwa nadra sana, lakini yapo. Usiandike kamwe kwamba chanjo haina madhara yoyote, maana sentensi hiyo moja huweza kuiangusha insha nzima. Dola ikimlazimisha mzazi, basi nayo ina wajibu wa kumhudumia yule mmoja atakayedhurika.

(e) Huduma bora huweza kufanya kazi bila pingu. Rufiji yenyewe ni ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na taasisi ya IDRC ya Kanada, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Taarifa za vizazi, vifo na magonjwa zilikusanywa kwa kutembelea kaya, kisha wilaya zikatumia fedha zao kulingana na magonjwa yanayoua zaidi. Katika miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hata hivyo, kuwa mwangalifu: upungufu huo haukuletwa na chanjo peke yake. Matibabu bora ya malaria na magonjwa mengine ya watoto yalichangia. Utumie mfano huu kuonyesha nguvu ya huduma iliyopangwa vizuri, usiutumie kuthibitisha nguvu ya chanjo.

8.7 Kupima hoja kwa mifano ya mbali

Mada hii si ngeni duniani. Mifano mitatu inatosha, chagua mmoja tu kwa insha fupi.

Uingereza. Mwaka 1853 bunge lilifanya chanjo ya ndui kuwa ya lazima kwa watoto wachanga wa England na Wales. Baadaye wazazi waliokataa walitozwa faini tena na tena. Upinzani ulikua, maandamano makubwa yakafanyika katika mji wa Leicester mwaka 1885, na mwaka 1898 sheria ikabadilishwa ili mzazi mwenye pingamizi la dhamiri asamehewe. Funzo: amri inaweza kuongeza idadi ya wanaochanjwa, na inaweza pia kuzaa upinzani uliopangwa.

Nigeria. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini, likiwemo Kano, yalisimamisha chanjo ya polio baada ya uvumi kwamba inaharibu uzazi. Polio ilisambaa tena na kuvuka mipaka ya nchi nyingi. Kano ilirejea kuchanja mwaka 2004, baada ya viongozi wake kuridhika na chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Funzo: uvumi huua, na imani iliyopotea hurejeshwa na watu wanaoaminiwa. Katika vijiji vya pwani yetu watu hao ni imamu, mwalimu, mkunga na mwenyekiti wa kitongoji.

Somalia. Mgonjwa wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, mwezi Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini lakini hakuwa amechanjwa, na baadaye alieleza kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni za polio, akiwasimulia wazazi yaliyompata, hadi alipofariki mwaka 2013. Funzo: asiyechanjwa si lazima awe mkaidi au mjinga. Mwingine ana hofu ya kawaida, na hofu hutibiwa kwa mazungumzo.

8.8 Chagua msimamo

Insha ya hoja hailali pande zote mbili. Lakini msimamo si lazima uwe "ndiyo" tupu au "hapana" tupu. Unaweza kuweka sharti: "Ndiyo, endapo…" Sharti likiwa wazi, msimamo huo una nguvu. Likiwa na ukungu ("inategemea na hali"), msahihishaji atasema hukuamua. Jaribu kulipima sharti lako hivi: je, mtendaji wa kijiji akilisoma atajua lini amwandikie mzazi na lini asimwandikie?

Huu hapa ni mfano wa insha yenye msimamo wa sharti.

ADHABU IANZE BAADA YA HUDUMA KUFIKA

Mtoto wa miezi tisa hawezi kujipeleka kliniki. Asipopelekwa, hana wa kumlalamikia. Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja chanjo miongoni mwa haki zake. Hata hivyo, naona mzazi aadhibiwe pale tu huduma ilipomfikia, akaelimishwa, na bado akakataa.

Kwanza, wajibu wa mzazi ni wa haki. Surua huambukiza upesi, na watoto wa chini ya miezi tisa hawajafikia umri wa kuchanjwa. Mzazi anayekataa anamhatarisha mtoto wake pamoja na mchanga wa jirani. Uhuru wa mzazi hauwezi kufika hapo.

Pili, si kila mtoto asiyechanjwa ana mzazi mkaidi. Katika delta ya Rufiji mama husafiri kwa mtumbwi, akisubiri maji yajae. Msimu wa mpunga huishi dunguni, mbali na zahanati. Ratiba inamtaka afike mara sita. Kumtoza faini mama huyu ni kumwadhibu kwa umbali ambao hakuuweka yeye.

Tatu, adhabu ikitangulia, watoto hufichwa. Mzazi mwenye hofu ya kukamatwa hukwepa kliniki hata mtoto anapougua. Sheria iliyotungwa kumlinda mtoto itakuwa imemfungia mlango.

Wapo wanaosema kwamba sheria isiyo na adhabu ni maneno matupu. Hoja hiyo ina uzito, nami sipendekezi adhabu ifutwe. Napendekeza iwe hatua ya mwisho. Hatua ya kwanza ni huduma ya mkoba: wauguzi wawafuate watoto vijijini, madunguni na kwenye dago, kwa ratiba inayotangazwa mapema. Ya pili ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kumtembelea mzazi aliyekosa na kuandika sababu. Ya tatu ni kikao cha mzazi na mtu anayemheshimu, kama imamu au mwalimu. Mzazi akipitia hatua hizo zote na kukataa bila sababu ya kitabibu, hapo afikishwe mbele ya sheria.

Kwa kuhitimisha, mtoto anadai haki yake kwa watu wawili: mzazi anayembeba na serikali inayoleta chanjo. Serikali ikishatimiza upande wake, ndipo itakuwa na haki ya kumwadhibu mzazi asiyetimiza upande wake.

8.9 Kwa nini insha hii inafaulu

Angalia mambo manne. Utangulizi umetaja msimamo, haukusubiri aya ya mwisho. Kila aya ya kiini ina hoja moja na ushahidi wake. Hoja ya upande wa pili imetajwa kwa heshima, ikakubaliwa sehemu yake yenye ukweli, kisha ikajibiwa. Hitimisho halikurudia orodha ya hoja, bali limeeleza zinakutana wapi.

Insha hii pia ina mahali pa kushambuliwa. Je, hatua tatu kabla ya sheria si nyingi mno surua inapokuwa imeshaingia kijijini? Wakati wa mlipuko, wiki mbili za kusubiri kikao ni ndefu. Mtahiniwa makini angeongeza sentensi moja kuhusu hali ya dharura. Jaribu kuiandika bila kuzidisha maneno 350.

8.10 Makosa ya kuepuka

(a) Kupanga methali badala ya hoja. "Kinga ni bora kuliko tiba" inaweza kufungua aya, lakini haithibitishi kwamba mzazi aadhibiwe.

(b) Kutukana upande wa pili. Maneno kama "wazazi wajinga" au "watu wa vijijini wasioelewa" hupunguza alama, na mara nyingi si kweli.

(c) Kubuni takwimu. Usiandike "asilimia 80 ya wazazi hukataa chanjo" kwa kuwa tu namba inapendeza. Usipokuwa na takwimu, eleza jambo lilivyo kwa maneno.

(d) Kusema "utafiti unaonyesha" bila kusema utafiti gani, wapi na lini.

(e) Kubadilisha msimamo katikati ya insha. Ukianza kwa "ndiyo, endapo", usihitimishe kwa "kwa hiyo adhabu haifai kabisa".

8.11 Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia sentensi tatu, eleza tofauti kati ya mzazi "aliyekataa" na mzazi "aliyeshindwa" kumpeleka mtoto kupata chanjo. Toa mfano mmoja wa kila mmoja kutoka katika eneo unaloishi.

2. "Mtoto asiandikishwe darasa la kwanza bila kadi ya chanjo." Andika hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga, kisha taja ipi ina nguvu zaidi na kwa nini.

3. Rafiki yako anadai kwamba mtoto asiyechanjwa hawezi kumdhuru aliyechanjwa. Mwandikie aya moja ya kumjibu kwa mfano wa surua. Je, jibu lako lingefaa pia kwa pepopunda? Eleza.

4. Wewe ni katibu wa serikali ya kijiji katika delta ya Rufiji. Andika tangazo la siku ya huduma ya mkoba. Zingatia muda wa maji kujaa na kupwa, na familia zilizoko mashambani.

5. Andika insha ya hoja yenye maneno yasiyozidi 350 ukipinga msimamo wa insha ya mfano iliyo katika 8.8. Tumia angalau mfano mmoja ambao haumo katika mada hii.